Fungu la Simeoni

Benchi letu lipo Katoro, mbele ya duka la sururu na makoleo, na Mama Justa huanza kumimina kahawa saa kumi alasiri. Jana tulikuwa wanne. Mabula alikuja na karatasi ya mgawo wa mashamba ya marehemu baba yake, na kinyongo cha mwezi mzima. Yeye mkubwa kapewa majaruba ya mpunga. Mdogo wake Maduhu kapewa kilima cha mawe, na kilima kimetoa dhahabu. Kesho yake alikuwa aende baraza la kata.

Mabula: Kile kilima walikuwa wanakitaka mbuzi tu! Leo Maduhu ana karasha mbili za kusagia mawe, anapita hapa haniangalii.

Mwigulu, tunayemwita Injinia ingawa hajasomea kitu: Jumapili si tulisomewa kitabu cha Yoshua, makabila yanavyogawana nchi? Miji, mipaka, miji, mpaka nikasinzia. Unadhani ile ni miji? Yale ni maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu! Waliandika wasisahau mwamba ulipo.

Athanas, katekista: Acha hizo. Yaliandikwa ili kila mtu akae na chake, aache kuchungulia cha mwenzake.

Mabula: Mimi nimeshachungulia.

Injinia: Walawi je? Walinyimwa ardhi kwa sababu ndio walikuwa madalali!

Athanas: Injinia, utaungua. Simeoni ndiye wa kumfikiria. Yeye alikatiwa ndani ya fungu la Yuda, kwa kuwa la Yuda lilizidi mno.

Hiyo si aya ya kumpa mtu mwenye wivu. Mabula alisimama, kahawa ikamwagikia kiatu.

Mabula: Rudia! Ndani ya Yuda? Basi Maduhu ndiye Yuda, mimi Simeoni! Kesho nakwenda nayo barazani.

Sikuweza kumcheka. Nami nimewahi kuhesabu mabati ya jirani.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Paskalia, dada yao, matope ya majaruba yamemkaukia miguuni. Huu ni mwaka wa kumi na moja anayalima yeye.

Paskalia: Shikamooni.

— Marahaba.

Paskalia: Kaka, nasikia kesho unapeleka ile karatasi. Katekista, hebu nisomee kwanza. Mimi niko mstari wa ngapi?

Athanas akaipokea. Akasoma upande wa kwanza mpaka mwisho, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Mabula akainama kufuta kiatu kilichokwisha kukauka. Mama Justa akainua birika atujazie, hakuna aliyenyoosha kikombe.