Ini Lililokufa Baada ya Ndama

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni punguza moto, vuta kiti, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka Dakta Taratibu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu hata mlango alikuwa haufungui mpaka ausikilize kwanza. Ametutoka wiki iliyopita, mchana, usingizini, miwani ikiwa bado puani. Alikuwa na miaka sabini na mbili.

Alikuwa daktari bingwa wa patholojia ya wanyama. Kwa lugha ya mtaani: mnyama akifa, yeye ndiye aliyeulizwa kwa nini.

Alianza kama daktari wa mifugo wa kawaida, wa sindano na dawa. Alipofika miaka arobaini akarudi darasani kusomea ubingwa. Miaka minne. Mdogo wake wa kike, waliyeishi naye nyumba moja, anaikumbuka siku aliyopewa habari hiyo.

"Nikamwambia, dada, daktari gani wewe wa kufika mgonjwa akishakata roho? Akanijibu, mdogo wangu, huyo ndiye mgonjwa pekee asiyenidanganya. Tulicheka mpaka chai ikapoa."

Masomo yenyewe yalikuwa ya vyumba viwili. Chini, chumba cha kupasulia mizoga: sakafu ya saruji yenye mteremko, mpira wa maji, mabuti yamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa. Juu, chumba cha hadubini, mapazia yamefungwa, fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, inawasha macho. Kipande cha nyama kinapanda ngazi kutoka chini kwenda juu. Kinalowekwa, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kinatiwa rangi, waridi na zambarau, kinalazwa juu ya kioo.

Hapo ndipo Dakta Taratibu alipokuwa akipotelea. Akiinamia hadubini, anaondoka. Ini kwake lilikuwa mji wa waridi unaoutazama ukiwa mawinguni, vichochoro vyote vinateremkia kisimani, na yeye anapita kimya, nyumba hadi nyumba, hakuna anayemwona. Mwalimu wake, profesa mzee mwenye sauti ya kukwaruza, hugonga meza.

"Wewe! Umefika wapi?"

"Niko kwenye ini, Profesa."

"Haya, ukimaliza matembezi utuambie ng'ombe kafa na nini."

Basi, wasikilizaji wapendwa, ukafika mwaka wa tatu, majira ya joto. Kwenye shamba moja la mifugo ndama watatu walikutwa wamekufa asubuhi moja. Mmoja akaletwa. Dakta Taratibu akapasua, akapanda ngazi, akainama. Mji mzima wa waridi ulikuwa umekufa. Chembe zote za ini, zimekufa. Akaandika neno moja: sumu. Narudia. Neno moja, sumu. Profesa akamwamini, akatia sahihi chini ya sahihi yake, ripoti ikaenda.

Kesho yake mwenye shamba akapiga simu. Sauti ya furaha kabisa. "Daktari, ubarikiwe! Mbaya wetu tumemkamata. Mchungaji wa ng'ombe. Si ndiye anayewachanganyia chakula? Na juzi tu tuligombana naye kuhusu likizo. Yuko polisi."

Dakta Taratibu alikuwa hajajua kwamba mwisho wa lile neno kuna mtu.

Akarudi kwenye kioo. Siku tatu anatembea mji ule ule. Siku ya tatu akaona kitu ambacho hakikuwepo. Mwili ulio hai ukiumizwa, hujibu. Zile chembechembe nyeupe, askari wa mwili, hukimbilia palipoumia. Hapa hakuna askari hata mmoja. Hata chembe nyekundu za damu zilikuwa zimepauka, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Akashuka ngazi kumtafuta dereva.

"Yule ndama mlimchukua saa ngapi?"

"Asubuhi, dakta. Ila tulipata pancha. Tulikaa njiani mpaka alasiri."

"Na ndama?"

"Nyuma, chini ya turubai. Lile jeusi."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuniuliza?"

Joto, wasikilizaji. Ini lilikuwa limeoza lenyewe, chini ya turubai. Ndama alikufa kwanza, ini likafuata. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na yeye alikuwa wa tatu, na kamati ya kumpitisha mwaka wa mwisho ilikuwa inakaa baada ya wiki mbili.

Profesa alimsikiliza, akavua miwani. "Ukiliandika hili, hawatakupitisha. Na jina langu liko chini ya lako."

"Najua, Profesa."

"Yaweza kuwa sumu kweli."

"Yaweza. Ila mimi sijaiona."

"Basi wamekufa na nini?"

"Sijui."

Profesa akavaa tena miwani. Halafu akamsogezea kalamu.

Akaandika: ripoti ya kwanza ifutwe, sababu ya kifo, haijulikani. Hakuituma. Aliipeleka kwa miguu, na mabuti yake, mpaka kituo cha polisi. Askari wa zamu akaisoma mara mbili.

"Haijulikani? Daktari mzima?"

"Haijulikani, afande."

"Sasa miaka yote hiyo unasomea nini?"

"Nasomea kuliandika hilo neno."

Mchungaji alitolewa mchana huo huo. Hakumshukuru, hakumlaumu. Aliuliza kitu kimoja tu: je, ng'ombe wamenyweshwa maji?

Kamati haikumpitisha. Alirudia mwaka. Ndiyo, ubingwa wa miaka minne yeye aliusoma mitano. Mdogo wake anasema: "Alikuja, akajilaza na nguo zake za kazi, akatazama dari. Nikauliza, dada, unalia? Akasema, hapana, nautazama ule mji, leo una watu."

Baadaye alifundisha miaka ishirini na sita. Mwanafunzi akimletea kioo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Umeongea na dereva?"

Kwa mdogo wake, kwa wanafunzi wake, na kwa wote waliomzoea kwenye ngazi zile, poleni sana. Apumzike taratibu, kama alivyoishi.

Nasi, wasikilizaji wapendwa, tubaki na hili. Kila mmoja wetu ana neno alilowahi kulitoa kwa haraka, likaenda, likamkuta mtu. Kama unalikumbuka lako, usingoje kuitwa kikaoni. Vaa viatu, ulifuate.