Kwa Nini Léonie Hakuonekana Kaburini kwa Faida

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko nyumbani, kaa. Kama uko garini unawahi shifti, punguza mwendo na uongeze sauti. Mimi ni Achola, na leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa kwetu Sydney. Jina lake ni Faida M'Murhula. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Faida M'Murhula, mama wa Guildford, mzaliwa wa Walungu, Kivu ya Kusini, mama yake Darlène na Armel. Tulimzika mwezi uliopita.

Wengi wenu mlikuwepo makaburini. Wengi pia mmesema mengi tangu siku ile, na mliyosema yamenifikia. Sitaanza nayo. Nitaanza na Faida mwenyewe, na tukifika huko mtaona.

Habari hizi nimepewa na Darlène, binti yake, anayehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja hapa studio wiki hii. Anakaa, anasimama, anatazama simu, anakaa tena. Nikamwambia, "Tulia basi, mdogo wangu, unanizungusha kichwa." Akacheka kidogo. Akasema, "Sorry, da Achola. Kwetu tulisahau kukaa chini. Tangu Armel afungwe, hakuna mtu anakaa."

Lakini zamani Faida alikuwa mtu wa kukaa, wasikilizaji. Alikuwa mfupi, mnene, mcheshi. Siku za kazi alipanga mizigo kwenye ghala kule Wetherill Park, akirudi anavua viatu mlangoni na kuita chai. Jumamosi alikwenda mazoezi ya kwaya ya kina mama, na huko alikuwa na rafiki yake, Léonie. Léonie ni mrefu, mkimya, anainama akipita mlangoni. Faida akianzisha wimbo, Léonie anaudaka. Mmoja akipika, mwingine anakuja na sufuria yake bila kualikwa. Darlène anasema alipokuwa mdogo alidhani Léonie ni shangazi yake wa damu.

Kisha ikaja ile harusi. Armel, mtoto wa Faida, na Salvator, mtoto wa Léonie, walikunywa, wakakorofishana kwenye maegesho ya ukumbi. Armel akampiga Salvator. Salvator akaanguka vibaya, taya likavunjika. Armel akakamatwa. Sitapamba jambo hapa. Kosa lilikuwa la Armel, na yeye mwenyewe alikuja kulikubali mahakamani.

Kitu cha kwanza alichofanya Faida ni kupika. Alisonga bugali, akapika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akafunga kila kitu kwenye hotipoti, akamwambia Darlène awashe gari. Darlène alijaribu kumweleza. "Mama, hawaruhusu." Faida hakusikia. Kule alikotoka, mtu akifungwa anakula kile kinacholetwa na nduguze. Familia isipokuja, analala njaa. Basi walifika getini, yeye na hotipoti yake imefungwa kwa kitenge, na askari wa gereza akamwambia kwa upole kwamba chakula cha nje hakiingii.

"Anakula, mama," askari alisema. "Usiwe na wasiwasi."

"Anakula nini? Nani anapika?" Faida aliuliza. Darlène akatafsiri, askari akarudia tu kwamba anakula. Na kumwona mtoto pia hakumwona, kwa sababu hakuwa amejisajili. Alilia njia nzima mpaka Guildford, na ile sombe hakuna aliyeigusa.

Wasikilizaji wapendwa, nasema haya polepole kwa sababu najua kuna mtu ananisikiliza na hajui aanzie wapi. Hapa huendi tu gerezani ukabisha hodi. Unajisajili kwanza, unapewa namba yako ya mgeni. Unaweka nafasi mapema. Unakwenda na kitambulisho, na kila ulicho nacho mfukoni unakifungia kwenye kabati pale mapokezi. Na simu, sikilizeni vizuri: yeye ndiye anayepiga. Wewe huwezi kumpigia. Anapiga kwenye namba zilizokubaliwa tu, kwa dakika chache, na mnasikilizwa. Simu ikikupita, imekupita.

Hilo la simu ndilo lililomnyang'anya Faida utulivu. Simu alilala nayo, aliingia nayo bafuni, aliiweka kifuani kanisani. Ghalani hawaruhusu simu kwenye mstari wa kazi, basi akawa anaomba ruhusa ya choo kila mara, mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa tumbo. Akasema ndiyo. Mwanamke ambaye hajawahi kudanganya mtu, akasingizia tumbo.

Sasa nifike kwenye kosa. Nalo lilikuwa la moyo mzuri kabisa.

Kwao Walungu, mtoto akimwaga damu ya jirani, mzazi hangoji kuitwa. Anatafuta wazee, anabeba kitu mkononi, anakwenda kwenye nyumba iliyoumizwa na kuinamisha kichwa. Asipokwenda, maana yake anadharau. Faida hakuweza kukaa na aibu hiyo. Akachukua kina mama wawili na mzee mmoja wa kanisa, akabeba mguu wa mbuzi na kitenge kipya, akaenda kwa Léonie. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye zulia.

"Léo, mtoto yangu amevunja mtoto yako," alisema. "Miye ndiye nilimuzaa. Nakuja kwako na macho chini."

Léonie akateremka naye akakaa kwenye zulia. Wakalia wote wawili. Salvator, na taya lake lililofungwa, alitoka chumbani akampa Faida mkono. Mbuzi akapikwa, wakala, wakaomba Mungu. Faida akarudi nyumbani amepona nusu.

Na Salvator, kijana wa watu, akaona hiyo ni habari njema. Mpelelezi wa polisi alipompigia kumuuliza hali, akamwambia kwa furaha: "It's all good now. Mama yake alikuja na zawadi, tumemaliza."

Mnaona tunakoelekea.

Siku ya kuomba dhamana, mwendesha mashtaka alisimama akasema kwamba familia ya mshtakiwa ilikwenda nyumbani kwa shahidi, yaani Salvator, kikundi kizima, wakiwa na zawadi za kumnyamazisha. Mkalimani akawa anamnong'oneza Faida. Alipofika kwenye zawadi, Faida aliinua mkono juu kama mtoto wa shule, apate kueleza. Alitaka kumwambia hakimu kuhusu zulia. Wakili akamshika mkono akaushusha. Dhamana ikakataliwa. Na hapa kwetu, ukikataliwa mara moja, huwezi kurudi mahakama ileile kuomba tena vivi hivi. Lazima uwe na jambo jipya la kusema.

Nje ya mahakama wakili hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kesi ikiwa bado inaendelea, familia isimguse shahidi kwa lolote, wala salamu, wala chakula, wala kumwombea radhi. Na akae mbali na Léonie.

"Njo miye nimemufungia mutoto yangu mlango," Faida alimwambia Darlène garini. "Mikono yangu mwenyewe."

Alilibeba neno hilo mpaka kufa. Darlène alimwambia mara ngapi sijui kwamba labda dhamana ingekataliwa hata bila mbuzi. Hakusikia. Na ule mwaka wa kesi ukawa mchungu kuliko yote, kwa sababu kwenye kwaya Faida alisimama mwisho huu na Léonie mwisho ule, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kina mama wengine wakadhani wamegombana. Hawakugombana. Walikuwa wanatii.

Armel alikubali kosa, akahukumiwa kifungo. Mahakama pia ikaweka amri: asimkaribie Salvator wala mtu wa nyumba ya Salvator. Narudia, kwa sababu jambo lote la leo limesimama hapo. Armel asikaribiane na mtu yeyote wa nyumba ile. Amri hiyo ilimhusu Armel peke yake. Kina mama wakawa huru, na Jumapili iliyofuata Léonie alipita katikati ya kwaya nzima akaenda kusimama ubavuni kwa Faida.

Baada ya hapo Faida aliishi kwa ajili ya siku za kutembelea. Mara ya kwanza alipomwona Armel amevaa ovaroli jeupe lenye zipu mgongoni, wanavyowavalisha wafungwa siku ya wageni, alisema, "Wamekuvalisha kama mutoto mchanga." Armel akacheka, na Faida akafurahi wiki nzima kwamba amemchekesha. Siku moja walifika wakaambiwa amehamishiwa gereza lingine, upande wa pili wa mji. Hakuna aliyewapigia. Tangu siku hiyo Darlène hupiga simu kuuliza kabla ya kuondoka. Nanyi fanyeni hivyo.

Na aibu je? Wengi hapa mtoto akifungwa tunasema amepata kazi mbali, kule Perth. Perth imejaa watoto wetu, wasikilizaji, mpaka najiuliza wanaishi wapi! Faida hakumpeleka Armel Perth. Alisema wazi kanisani: "Mutoto yangu iko gerezani, mumuombee." Ndipo kina mama wakaanza kumfuata pembeni, mmoja mmoja. Huyu kaka yake, yule mume wake. Faida aliwaeleza namna ya kujisajili, nguo gani usivae, ujitulize vipi simu ikikatika. Na alimaliza daima na neno moja: "Usiende kwa shahidi. Hata kama roho inakusukuma. Usiende."

Kisha, mwezi uliopita, akapata kiharusi. Alianguka jikoni. Hospitali walijitahidi. Léonie alikaa naye, akampaka mafuta miguuni, akamwimbia sikioni. Faida aliuliza jambo moja tu, kwa mdomo uliokwisha kupinda: kama Armel atakuja. Darlène alimwambia ndiyo. Hakuwa na uhakika hata kidogo.

Kasisi wa gereza ndiye aliyempa Armel habari. Ombi la kuhudhuria mazishi likapelekwa. Siku zikapita, jibu hakuna. Darlène hakulala. Hatimaye akapigiwa simu. Wangemleta, labda, chini ya ulinzi, makaburini tu. Kwa masharti mawili. La kwanza, Darlène asimwambie mtu kwamba Armel anakuja. La pili, asiwepo yeyote wa nyumba ya Salvator.

Wa nyumba ya Salvator ni nani? Ni Léonie.

Darlène aliendesha gari mpaka kwa Léonie, akazima injini, akaiwasha, akaizima. Unamwambiaje mtu aliyempaka mama yako mafuta miguuni kwamba asije kumzika? Aliingia. Akaanza kulia kabla hajasema.

Nimepewa ruhusa ya kusema maneno ya Léonie kama yalivyokuwa. Alisema, "Nyamaza, mama. Nimeelewa. Miye nilimuaga Faida hospitali. Mutoto hakumuaga."

"Watu watauliza uko wapi," Darlène alimwambia. "Na siwezi kuwaeleza."

"Baulize," akasema Léonie. "Nenda ukamuzike mama yako."

Basi mlikuja makaburi ya Rookwood, na mkaona gari jeupe limesimama mbali kidogo, na Armel akashuka na askari wawili. Mlimwona akichota udongo kwa mikono miwili pamoja, kwa sababu ya pingu. Mlimsikia akisema, "Mama, nimefika." Kisha wakamrudisha. Hayo yote mliyaona.

Na mkaona kwamba Léonie hayupo. Kwaya iliimba, na pale anapodaka yeye pakabaki kimya. Siku ileile maneno yakaanza. Kwamba Léonie ana roho ngumu. Kwamba alikula mbuzi wa Faida na bado hakusamehe. Kuna mama mmoja alimwambia usoni, mlangoni pa kanisa, na simtaji. Léonie alimjibu, "Mungu akubariki," akaingia ndani. Siku ya mazishi alikuwa jikoni kwake, amevaa kitenge cha msiba, anapika. Wali mliokula baada ya makaburi, na ile nyama, na ile sombe mliyosifia, vilitoka kwenye sufuria za Léonie.

Wiki iliyopita Armel alipiga simu kwa dada yake. Alikuwa ametafuta sura moja kati ya watu makaburini na hakuiona.

"Mama Léonie hakuja," alisema. "Hajanisamehe, eh?"

Darlène akamwambia, "Hakuja ndiyo wewe uweze kuja."



Wasikilizaji wapendwa, kwa Darlène na kwa Armel, poleni sana. Pole pia kwa Salvator, ambaye aliumizwa na bado alitoa mkono. Mungu ampumzishe Faida M'Murhula, maana hapa kwetu hakupumzika. Na wewe unayenisikiliza, mwenye mtu wako ndani, usimpeleke Perth. Jisajili, uende ukamwone.

Na pole kwa Léonie, mfiwa kama wafiwa wengine, ambaye hakuna aliyempa pole. Jumapili mtamkuta kanisani, mahali pake pa siku zote. Msimuulize kwa nini hakuja. Nendeni mkampe mkono.