Anti Dzifa na Nukta Tatu Zilizomeza Barua Zangu

Ijumaa ya tarehe 28 Machi 2025, Bi. Dzifa Amegashie, Mtunzaji Mkuu wa Barua Pepe wa chuo chetu hapa mjini Ho, Ghana, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa nimekuwa bosi wake kwa miaka mingi. Walioniomba hawajui kwamba nusura nimfukuzishe kazi. Nitayasema yote mwenyewe, maana nisiposema mimi, masekretari watayasema mezani wakila akple, ugali wetu wa huku.

Anti Dzifa, kama tunavyomwita sote hata mimi bosi wake, alianza mwaka 1996 katika chumba cha barua, enzi za bahasha na stempu. Alipanga barua katika visanduku vya ukutani, kila mtu na kisanduku chake, wala hakuna aliyewahi kulalamika. Kompyuta zilipokuja wenzake walizikimbia. Yeye akaenda Accra kusoma, akarudi na cheti kimoja na maswali kibao. La kwanza lilinipata mimi: "Mchungaji, kwa nini barua zote za mtu zimegandishwa kwenye faili moja refu? Nani aliwatuma kutia gundi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Seva yetu ya zamani iliweka folda nzima kama faili moja. Barua mpya inabandikwa mkiani, na ukifuta moja ya katikati, faili zima linaandikwa upya. Umeme ukikatika hapo katikati, kwaheri. Na mwaka 2013 umeme ulikuwa ukikatika kama una ugomvi na sisi. Ofisa wetu wa mitihani alipoteza barua za muhula mzima kwa kufuta mwaliko mmoja wa harusi. Alikuja ofisini kwangu, akakaa. Nilimletea maji.

Anti akapendekeza kila barua iwe faili lake. Umeme ukikatika, itapotea ile moja iliyokuwa ikiandikwa, basi. Nilipinga kwa nguvu zote. Nilisema mafaili yatakuwa mengi hadi diski ishindwe kupumua. Kikao kilipokwama, Anti akasimama mbele ya Msajili wetu wa wakati ule, Madam Enyonam Dogbatse. "Madam, nipe wiki moja nizihamishe. Ikipotea barua hata moja, nifukuze."

"Dzifa, mimi huwa sitanii," Madam akamjibu, akaagiza ahadi ile iingizwe kwenye muhtasari, kisha akaondoka kwenda Accra kwa shughuli za wiki nzima. Anti alikuwa mjane mwenye mabinti watatu shuleni. Sote tulijua alichokiweka rehani. Nami, Mungu anisamehe, siku ileile nilimwandikia Madam barua pepe nikimshauri asingoje hata hiyo wiki.

Jumatatu Madam alirudi, akawasha kompyuta, na sauti yake ikafika koridoni: "Barua za Kumordzi ziko wapi?"

Kumordzi ni mimi. Madam, mtu wa heshima zake, alimfungulia kila mmoja wetu folda katika barua pepe za ofisi yake, yenye vyeo vyake vyote, na kwa vyeo mimi nimebarikiwa: Mchungaji, Daktari, Mhandisi. Folda yangu iliitwa Mch.Dkt.Mha.Kumordzi. Sasa mahali pake palikuwa na folda iitwayo Mch, tupu kabisa. Niliongozana na Anti hadi ofisini kwa Madam, na niseme ukweli, sikuwa na huzuni.

Anti alitazama skrini, akabonyeza mara mbili tatu, akaangua kicheko. "Jamani! Vyeo vya Mchungaji vimemmeza mwenyewe!" Kumbe programu ya kuhamisha ikikutana na nukta hudhani ni mlango wa folda ya ndani. Ndani ya Mch mlikuwa na Dkt, ndani ya Dkt mlikuwa na Mha, na ndani kabisa nilikaa mimi na barua zangu mia nne na kumi na mbili, salama salimini. Chuo kizima kilikuwa hivyo: wachungaji, maprofesa, machifu, kila mtu kafukiwa na vyeo vyake.

Nikashauri tutoe waraka kwamba watumishi waache nukta kwenye majina ya folda. Madam akanikazia macho. "Waraka wa kuwavua watu vyeo, hapa Ghana? Utausaini wewe?" Nikanywea. Anti akasema folda ya ndani ikae ndani ya folda yenyewe kwenye diski, kama kisanduku ndani ya kabati, na nukta waachiwe wenye vyeo vyao. "Mashine ndiyo izoee watu," alisema. Kufikia Jumatano alikuwa amemaliza na kuzihesabu barua moja moja. Zilitimia. Mpangilio huo tunautumia hadi leo, na vyuo vitatu vimeleta watu kuuiga.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama alipokuwa akihesabu aliona vichwa vya barua. Aliviona. Yangu ilikuwa ya mwisho, bado haijafunguliwa: "Kuachishwa kazi kwa D. Amegashie." Ingepotea ile moja tu, nani angejua?

"Kwa nini hukuifuta, Anti?"

Akanishangaa. "Niliahidi haitapotea hata moja, Mchungaji. Yako nayo ni barua."

Madam aliisoma Alhamisi ile. Mpaka leo hajanijibu, na ile barua ipo palepale.

Anti, unakwenda Anloga kulima vitunguu, na chuo kizima kinakushukuru. Mimi ninakuomba radhi, tena mbele ya watu. Wasifu huu nimemtumia Msajili wa sasa auweke katika folda yangu, ili atakayeifungua ile ya kwanza aikute na hii. Akpe, yaani asante, Anti. Mungu akupe afya, shamba lenye rutuba na miaka mingi ya raha.