Mama Germaine na Matete ya Bombani

Tarehe 30 Septemba 1978, Mama Germaine Nkulu anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kupokea na kuchambua samaki wa kampuni yetu. Minane ya kwanza alifanya kazi hapa Kashikishi, Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Iliyobaki alifanya kazi kwenye ghala letu la Kitwe, mjini, mahali ambapo hakutaka kwenda hata kidogo. Kila mwaka aliomba kurudishwa ziwani, na kila mwaka Bwana Valère, mwenye kampuni, alimwambia asubiri kidogo.

Wachuuzi wa samaki wa Nchelenge hawaanzi kazi kabla ya kunawa uso kwa maji ya ziwa na kusikiliza upepo. Mama aliihamishia desturi hiyo Kitwe nzima nzima. Asubuhi alifungua bomba la uani, akanawa, akageukia kaskazini liliko ziwa, kisha akatutangazia: “Leo maji ni mubaya. Hakuna mutu atatoka.” Yuko Kitwe, jamani! Siku mbili baadaye lori la dereva wetu Kapembwa lilifika limejaa pomoni, nasi tukajua kwamba ziwa lilikuwa shwari. Kapembwa alimtania bila huruma. Kesho yake Mama alitabiri tena, na akakosea tena.

Hata hivyo tulizoea kutoka naye uani kila asubuhi. Mimi nilizaliwa kambi ya migodi, na asubuhi kwangu ilikuwa king’ora cha zamu na moshi wa tanuri. Sikuwahi kutazama mawingu ila nilipoanua nguo. Kwa Mama nilijifunza kwamba hata Kitwe upepo hugeuka, na kwamba mvua ina harufu kabla haijafika.

Matete yalikuja kwa bahati. Samaki walifunikwa kwa majani mabichi ya matete safarini, na siku moja shina lilitokea na mzizi wake. Mama alilichomeka chini ya bomba lililokuwa likivuja, nasi tukacheka. Baada ya misimu miwili palikuwa na kichaka, vyura wanapiga kelele, na ndege wadogo wa manjano wanasuka viota kana kwamba wamelipa kodi. Mama alikula chakula chake cha mchana hapo, amevua viatu.

Mwaka 1974 Bwana Valère aliamua kulitengeneza bomba na kumwaga saruji ua mzima, ili malori yageuke vizuri. Mama hakubishana. Alikunja kitenge chake cha kazi, akasema, “Mukifunga ile robinet, ile bomba yangu, miye naenda.” Tulimjua, angeondoka siku hiyo hiyo. Niliogopa kweli.

Aliyemwokoa ni Kapembwa, yule yule mtani. Asubuhi mafundi walipofika, lori lake lilikuwa limesimama katikati ya ua, mbele ya matete, na yeye ameketi kwenye ngazi yake anakula karanga. “Moteur imekufa, patron,” alimwambia Bwana Valère, akionyesha injini. Ilikufa wiki nzima. Mvua ikanyesha juu ya mifuko ya saruji, saruji ikaganda yote, na Bwana Valère akachoka na mambo yetu. Siku iliyofuata moteur ilifufuka. Bomba linavuja mpaka leo.

Sasa anarudi Nchelenge. Wiki iliyopita alikiri kwangu kwamba ana hofu: miaka mingi imepita, huenda akasimama ufukweni asielewe upepo unasema nini. Kisha akainama, akang’oa mzizi wa matete ya Kitwe, akaufunga kwa kitambaa kilicholowa. Kapembwa alimuuliza nani hupeleka matete Mweru, kwenye matete yasiyo na mwisho. Mama akajibu, “Hii ni ya kwangu.” Safari hii Kapembwa hakumtania. Aliuweka mzizi mbele, karibu na usukani, na leo umefika hapa pamoja na Mama.

Asante, Mama, kwa kila samaki uliyempitisha mikononi na kila asubuhi uliyotutoa nje. Tunakuombea afya, usingizi mnono na maji matulivu mlangoni pako. Nasi huko Kitwe, Jumatatu, tutafungua bomba, tutanawa uso na kugeukia kaskazini, kisha mmoja wetu atatangaza hali ya ziwa. Atakosea. Usitusahihishe, Mama, tutakuwa tunakukumbuka.

Kingsley, wa mizani, kwa niaba ya ghala la Kitwe