Nusu Wembe

Benchi la hapo kwa kinyozi zamani lilikuwa mlango. Nyumba ilibomolewa, mlango ukaokotwa, ukalazwa juu ya matofali, na kitasa chake hakuna aliyejisumbua kukitoa. Ukikaa upande wa kulia bila kuangalia, chenyewe kitakujulisha. Nyuma ya saluni, hatua ishirini kwa mtu mzima, unapita mto. Mbele ni barabara, na pembeni ya barabara ni Shangazi na birika lake la kahawa. Kila asubuhi mlango huo hubeba watu wenye kazi zao lakini wasio na haraka nazo: Soli, fundi viatu, ambaye tangu azaliwe hajamaliza kiatu siku aliyoahidi, Mzee Faili, karani wa masjala aliyestaafu kazi, ila kazi haijamstaafu, na mwenye saluni, Kipaza, aliyepewa jina hilo kwa kuwa akinong'ona huku, ng'ambo ya mto wanaitikia. Wa nne wao, fundi cherehani, Jumatatu hiyo hakuwepo. Alikuwa hospitali.

— Mkono umevimba hadi hapa, alisema Mzee Faili, akionyesha kiwiko. Jana jioni wamemlaza.

— Kwa wembe tu? Soli akatoa uzi mdomoni. Mtu mzima analazwa kwa wembe?

— Wembe wa mtoni, mwanangu. Si wembe wa dukani.

— Kipaza, mbona kimya? Mgonjwa ni Waziri wako.

Kipaza alivuta funda kubwa la kahawa likamuunguza ulimi, akashukuru. Angalau alikuwa na sababu ya kutosema.

Jina la Waziri wa Mazingira alilitunga yeye. Miaka mitatu sasa, kila Jumamosi alfajiri, fundi cherehani alikuwa akishuka mtoni na gunia, peke yake, hakutumwa, halipwi, anaokota chupa, mifuko, nepi, kandambili zisizo na wenzake. Alivaa glovu moja tu, ya kushoto; mkono wa kulia, alisema, ni wa kazi, lazima uhisi. Siku moja aliwashonea wenzake wa benchi magunia yao, kila moja na mikono miwili ya turubai, mshono maradufu, akawaambia kwa haya, "Ikitokea siku mna nafasi." Magunia yakapokelewa kwa makofi. Ndiyo waliyokuwa wameyakalia.

Jumamosi iliyopita Waziri alipanda kutoka mtoni kiganja kimefungwa kwa shati, akaweka kitu kidogo juu ya benchi.

— Kipaza, hebu tazama. Nusu wembe.

— Umezeeka huo, Kipaza alimjibu. Ukizeeka unapungua, kama Mzee Faili.

Watu wakacheka, na Waziri naye akacheka, damu inamdondokea kwenye kiatu.

Lakini Kipaza alikuwa ameshaujua. Watu wa kawaida hutumia wembe mzima. Kinyozi huuvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu moja akaibana kwenye kishikio, nusu ya pili akaiwekea shingo inayofuata. Kazi hiyo huifanya amempa mteja mgongo, mteja mwenyewe kaegemea kiti macho kayafumba, ndiyo maana miaka kumi na saba hakuna mtu wa benchi aliyewahi kuiona. Nusu zilizokwisha kazi huingia kwenye kopo la maziwa. Wazoa taka walilikataa kopo hilo tangu mmoja wao alipochanwa. Wakamwambia achimbe shimo. Akaahidi shimo. Mto ulikuwa hatua ishirini. Kila Ijumaa jioni alisimama kwenye majani, akalipindua kopo, akaligonga matako mara mbili, akarudi kufunga duka. Maji yatabeba, alijiambia. Kumbe ukingoni pale maji hayabebi kitu.

— Mimi nasema ni watu wa juu, Soli alianza, akipigilia msumari hewani. Mtaa wa juu kule wana mageti, wana mbwa, taka zao wanazimwaga kwenye maji usiku, asubuhi wanaamka wasafi. Sisi huku chini ndio choo chao.

— Watu wa juu wananyoa kwa mashine za umeme, Shangazi akasema huku akimimina. Wembe wataujulia wapi?

— Shangazi, wewe tia kahawa.

— Natia. Mdomo nao unafanya kazi yake.

Mzee Faili akainua kidole, na benchi likatulia, kwa sababu kidole hicho kiligonga mihuri miaka thelathini.

— Nyinyi hamjui serikali inavyokwenda. Taka hizi zina jalada. Haiwezekani taka zikawa nyingi hivi bila jalada. Kuna ofisi inazileta kwa lori, inazipanga, halafu ofisi nyingine inakuja kuzipiga picha, halafu ofisi ya tatu inaomba fungu la kuzisafisha. Mimi barua kama hizo nimezisajili kwa mkono huu.

— Barua ya kuleta taka?

— Haikuandikwa "taka." Iliandikwa "vifaa."

— Eeh! Soli akapiga paja. Basi na wembe umo kwenye orodha ya vifaa!

— Ndiyo maana ulikuwa nusu. Nusu nyingine imebaki ofisini kama kumbukumbu.

Wakacheka. Kipaza akasikia kicheko kikimpita pembeni bila kumgusa, jambo ambalo hakulizoea. Tena akaona Shangazi anamtazama, birika limeinama, kahawa haitoki. Mtu akishakutazama hivyo, ni juu yako kusema neno kabla hajalisema yeye. Kipaza akasimama, akavuta aproni yake kama mtu anayepanda jukwaani.

— Nyote mko nje ya mada. Watu wa juu, ofisi, malori! Hebu jiulizeni kama polisi. Zile taka zinamfaa nani?

— Hazimfai mtu.

— Zinamfaa mmoja! Mto ukiwa safi, Waziri ni nani? Fundi cherehani mwenye mashine inayolia kama mbuzi. Mto ukiwa mchafu, ni Waziri wa Mazingira, watu wanampisha njia, wamama wanamwita baba. Sasa niambieni, mtu akimaliza kuokota Jumamosi, Jumamosi ya pili taka zimejaa tena, zinatoka wapi? Anazirudisha mwenyewe! Ijumaa anamwaga, Jumamosi anaokota. Amejichimbia mgodi!

Soli alianguka kwa kucheka, akaangukia kitasa, akalia na kucheka kwa pamoja. Mzee Faili alifuta macho kwa leso.

— Kipaza, utakufa vibaya.

— Na wembe je? Soli akauliza.

— Wembe kautegesha mwenyewe! Miaka mitatu hakuna aliyempa hata cheti. Kaona bora ajichane kidogo, apate huruma. Bahati mbaya kajichana sana. Ugeni wa kazi!

Neno "Ijumaa" lilikuwa limemtoka mwenyewe bila kuombwa. Alilisikia likipita mdomoni, akajikaza kucheka kuliko wote ili lisisikike.

— Shikamooni, baba zangu.

Kicheko kilikatika. Nyuma ya benchi alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, begi la safari begani, macho ya mtu aliyelala amekaa. Hakuna aliyejua amesimama hapo kwa muda gani.

— Marahaba, mama, Mzee Faili akajibu. Karibu. Msogezeni nafasi.

— Sikai, baba, nashukuru. Nimefika kwa basi la alfajiri. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani.

Soli alianza kutafuta kitu chini ya benchi.

— Pole sana, mwanangu, Shangazi akasema. Baba anaendeleaje?

— Mkono utapona, wanasema. Daktari anachoogopa ni damu. Akageukia benchi. Nimetumwa kwa mtu anaitwa Baba Kipaza.

— Ndiye huyu aliyesimama, Shangazi akasema.

— Shikamoo, baba. Baba amekutaja sana. Amesema, nenda pale kwa kinyozi, muulize Kipaza, hakuna kitu kinachotokea mtaa huu asikijue.

Kipaza alisema marahaba kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

— Ni hivi, baba. Kuna dawa ya kumeza mwezi mzima, ya kumkinga asije akabeba ugonjwa wa mtu mwingine kupitia lile jeraha. Inatakiwa ianze leo. Siku ya tatu ikiisha, yaani kesho asubuhi, haina kazi tena. Lakini figo za baba ni mbovu, mnajua.

Hawakujua. Walimtania miaka mingapi kwa kwenda haja kila baada ya kikombe.

— Daktari anasema dawa hiyo inaweza kuzimaliza figo. Kwa hiyo hataki kumpa kwa kubahatisha. Kama ule wembe ni wa zamani, umekaa majini tangu mwaka jana, anamwacha. Kama umepita kwenye ngozi ya mtu juzijuzi, anampa leo hii, na figo zichungwe hukohuko wodini. Basi nauliza tu. Ule wembe ulitoka wapi?

Pikipiki ilipita barabarani. Ikapita nyingine.

— Huko juu... Soli alianza, kisha akajisikia, akaurudisha uzi mdomoni.

Mzee Faili alitazama kidole chake kama mtu anayetazama kifaa kilichoharibika. Hapakuwa na barua wala jalada.

Kipaza aliwaza haraka, na mawazo yote aliyoyapata yalikuwa ya mwoga. Aseme haujui, dada huyu arudi mikono mitupu. Aseme ni wa zamani, nani atapinga? Akaona saluni yake, kioo, viti viwili, watu wakipita upande wa pili wa barabara wakionyeshana: kwa yule wa nyembe. Halafu akamwona Waziri anacheka, damu inamdondokea kwenye kiatu.

— Ni wangu, akasema.

Kisha Soli alipasuka.

— Wangu! Haloo! Jamani huyu mtu hana adabu hata kwa wagonjwa!

— Ni wangu, nasema. Mimi ndiye ninayevunja nyembe nusu. Ijumaa nilimwaga kopo pale kwenye majani. Ulikuwa wa wiki hiyohiyo. Nimenyolea watu.

— Ijumaa anamwaga, Jumamosi anaokota! Soli alikuwa hoi, anajipiga kifua apate pumzi. Kajigeuzia mwenyewe! Mzee Faili, umeona alivyoigeuza?

Mzee Faili naye bega lilikuwa linatikisika. Hakutaka kucheka mbele ya mtoto wa watu. Alijaribu kukohoa, na kikohozi chenyewe kikatoka na kicheko.

— Kipaza, mwanangu, basi. Mgeni huyu.

— Sitanii! Kipaza alipiga kelele, na ile sauti, ile sauti yake ya siku zote, ikavuka mto, ikarudi, na kila aliyeisikia akajua Kipaza yuko kazini. Muuza mihogo ng'ambo ya barabara alianza kutabasamu kabla hajajua kinachosemwa. Sitanii, wallahi! Niacheni nife hapa!

— Afe hapa! Soli akalia machozi. Tena afe nusu!

Kipaza alitazama mikono yake. Alijaribu kutengeneza uso wa mtu anayesema kweli. Aliujua uso huo. Aliutumia kila siku kabla ya kuangusha kichekesho, ukunjo mmoja kwenye paji, mdomo umelegea kidogo, macho hayapepesi. Hakuwa na mwingine.

Dada yule hakucheka. Alitoa simu kwenye begi, akaishika bila kubonyeza, akamtazama Kipaza kwa muda mrefu, aproni, mikono, paji la uso. Halafu akamwacha, akageukia wale wengine, Soli, Mzee Faili, Shangazi na birika lake, akawauliza kwa heshima ileile aliyokuja nayo:

— Baba zangu, daktari ananisubiri. Nyinyi mnamjua. Huyu anasema kweli, au anatania?

Soli alifungua mdomo. Kicheko kilikuwa bado kimo ndani, hakina pa kwenda. Akamtazama Mzee Faili. Mzee Faili akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Kipaza usoni, karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo, akatikisa kichwa taratibu. Si kukubali, si kukataa.

— Mimi, Mzee Faili akasema hatimaye, akijikuna shingo palipokuwa na mkwaruzo mpya wa kunyolewa, mimi hapo siwezi kutia saini.