Kilo Kumi na Moja

Gazeti la karani lilikuwa kwenye ukurasa uleule tangu kituo cha kwanza cha basi, maana masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Hapo alikaa fundi wa magari, amepakata chuma kilichopinda kama sufuria iliyokatwa nusu, na pembeni yake mama wa makamo aliyeuliza, "Hilo dude ni la nini, fundi?"

"Ngao ya klachi, mama. Gari la mashindano klachi ikipasuka, vipande vinaruka kama visu, vinatoboa sakafu pale penye miguu ya dereva. Hii ndiyo inavizuia."

"Sasa mbona umeipakata wewe?"

Swali zuri, karani alijisemea, ingawa yeye hata baiskeli hajui kuendesha.

"Nimeifungua leo. Mpwa wangu anashindana Jumamosi, anasema hizi kilo kumi na moja zinampunguzia mwendo. Nimembembeleza weee, hasikii. Mtu mzima yule, nitamfunga kamba?"

"Lakini spana uliishika wewe."

Fundi akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi. "Kwani mama unafanya kazi gani?"

"Natengeneza miguu ya bandia hospitalini. Mwambie mpwa wako yangu ni myepesi, hata kilo tatu haifiki. Ila apite kabla ya Jumamosi nimpime. Kupima ni rahisi mguu ukiwa bado upo."

Basi likasimama kituo cha mwisho, mama akaaga, watu wakashuka. Mpaka karani anafika mlangoni, fundi alikuwa bado ameketi na ngao yake mapajani, na kwa alivyoishika ungedhani imeongezeka uzito.