Vifundo vya Umeme vya Mzee Ndelilio

Baba Mchungaji, ukoo wa Mtui, majirani na waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe, mimi ni Hilda, binti wa kwanza wa marehemu, mnivumilie sauti ikikatika.

Mzee Ndelilio Mtui alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 hapa Mamba, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha ufundi wa umeme Moshi mjini, na mwaka 1975 akapelekwa masomoni Ujerumani Mashariki, ambako katika jumba la makumbusho aliona tramu ya zamani isiyo na nyaya juu, iliyochukua umeme kwenye vifundo vya chuma vilivyofukiwa barabarani, kila kifundo kikiamka gari likiwa juu yake na kulala likishapita, habari aliyotusimulia mpaka tukaikariri, pamoja na farasi waliokufa kwa kukanyaga vifundo vilivyogoma kulala.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa na kiwanda cha sukari, akawa fundi umeme hadi alipostaafu 2012, na tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Elisifa, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Isack na Grace.

Hakuvumilia kumwona mama akipanda mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, hivyo mwaka 2019 akamjengea kitoroli cha umeme katikati ya kihamba, shamba letu la migomba, na kwa kuwa migomba ikianguka hukata nyaya, akafukia vifundo chini, watu wakaja hadi kutoka mji wa Mkuu kutazama, wakimtania kwamba ng'ombe wake wanaletewa chakula kwa treni.

Hakuugua. Jumanne tarehe 22 Aprili 2025, saa tatu asubuhi, mvua ilikuwa imeteremsha samadi ambayo mama huweka kwenye migomba kila masika, ikafunika vifundo, mama akachukua jembe aikwangue, baba akamnyang'anya, akaenda mwenyewe peku, haraka, bila kuzima umeme, na kifundo kimoja kikamshika. Tulisimama hatua tano kutoka kwake, hatukuthubutu kumgusa, maana swichi kuu ilikuwa ndani ya karakana, karakana imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Jirani yetu Vedastus alivunja mlango kwa shoka, lakini baba alikuwa ameshaondoka.

Nasikia inanong'onwa kwamba samadi ya mama ndiyo iliyoua. Jumapili ya Pasaka, tukitoka ibadani, baba aliniambia kwamba kifundo kimoja kimeacha kulala, hajajua ni kipi, atakitafuta mvua ikipungua, akanisihi nisimwambie mama, asije akarudi kubeba majani kichwani, nami nikanyamaza. Mwenye neno aniletee mimi, mama aachwe alie.

Tunawashukuru madaktari waliompokea, majirani waliolala nasi matangani, na wafanyakazi wenzake waliokuja juzi kung'oa vifundo vyote ili jeneza lipite salama.

Baba, ningesema, ungenikasirikia mpaka leo, na hasira yako hiyo ndiyo ninayoitamani. Pumzika kwa amani.